Turubai Halina Hati

Bunagana, mji wa Kongo ulio mpakani, ulipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 tarehe 13 Juni 2022, maelfu ya watu wa eneo la Rutshuru walivuka kuingia wilaya ya Kisoro nchini Uganda. Wengi hawakwenda mbali. Walitandika mikeka kwenye varanda za maduka na viwanja vya shule upande wa Uganda, mahali ambapo mtu akisimama anaviona vilima vya kwao. Serikali iliwaelekeza Nyakabande, kituo cha mpito kilicho karibu na mji wa Kisoro, na kutoka hapo malori yawapeleke makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mbali na mpaka. Wakasita. Maharage yalikuwa bado shambani ng'ambo. Bunduki zikinyamaza asubuhi, mmoja wa nyumba anavuka, anachuma, jioni anarudi. Ukipanda lori la Nakivale, umeaga mavuno.

Kisheria Uganda ilikuwa na hoja. Mkataba wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969 unataka wakimbizi wakae umbali wa kutosha kutoka mpaka wa nchi yao, na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, hutumia kipimo cha kilomita 50. Lakini tazama chombo kilichotumika: sufuria. Msaada ulipangwa Nyakabande, na aliyebaki varandani alibaki kwa gharama zake hadi watoto walipoanza kulia njaa. Tumezoea kusema watu wamefukuzwa pale tu tingatinga linapofika na polisi nyuma yake. Kambi nyingi za muda nchini Uganda hazijawahi kuona tingatinga, na watu wake wametolewa vilevile.

Ukiifuatilia kambi ya muda tangu nguzo ya kwanza hadi inapovunjwa, utakuta kwamba siku ya kuvunjwa ilipangwa wiki ile ya kwanza. Kuna maswali matatu ambayo mtu mwenye mtoto mgongoni na mvua kichwani hana nafasi ya kuyauliza: ardhi hii ni ya nani, ameitoa hadi lini, na tukiondoka mashimo atayafukia nani? Serikali na mashirika wana nafasi ya kuuliza. Hawaulizi, kwa sababu kila jibu lina gharama.

Tuanze na mwenye ardhi. Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, na ardhi yake ilitangazwa rasmi kuwa ya wakimbizi. Ugomvi wa huko ni wa mipaka: raia walioingia na kulima kwa miaka, baadhi yao wakishika karatasi walizouziwa na watu wasiokuwa na haki ya kuuza. Makazi yakilala tupu, ugomvi wa namna hiyo hukua kimyakimya. Rwamwanja ilifungwa miaka ya 1990 Wanyarwanda waliporudi kwao. Ilipofunguliwa tena mwaka 2012 kwa Wakongo waliokimbia vita vya Kivu, ilikuta watu wamejenga, wamezaa, wamepanda migomba. Mkimbizi aliyeshushwa kwenye lori alikabidhiwa kipande ambacho juzi kilikuwa shamba la mtu. Yule anayetolewa anamlaumu huyu anayewekwa, na mgawaji yuko ofisini.

West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mambo ni tofauti. Kambi ya Bidi Bidi ilifunguliwa wilayani Yumbe Agosti 2016, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imepokea watu zaidi ya 250,000 kutoka Sudan Kusini. Ardhi ile haikuwa ya serikali. Ilikuwa ya koo, kwa umiliki wa kimila ambao Katiba ya 1995 inautambua, na wazee waliitoa bila kulipwa, kwa kusikilizana na Ofisi ya Waziri Mkuu. Wazee walielewa kwamba wameazima: sisi tunatoa ardhi, nanyi mtaleta barabara, kisima, shule na kazi kwa vijana wetu. Maofisa walielewa kwamba wamepewa. Kisima kikichelewa, mzee hasafiri kwenda Kampala kumdai waziri. Anamwendea mama aliyelima kando ya kijito, anamwambia msimu ujao asilime.

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe, na hakuna nchi iliyoifuata methali hiyo kuliko Uganda. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea, kufanya kazi, na kutumia ardhi aliyogawiwa. Jembe anapewa kweli. Tatizo ni mahali pa kulipiga. Kiwanja cha Bidi Bidi kilipimwa mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900, chini kidogo ya robo ekari. Toa nyumba, jiko, choo, bafu na njia. Kinachobaki ni bustani ya mboga. Basi mkimbizi anatoka nje ya makazi na kukodi kwa mwenyeji, kwa maneno ya mdomo, na hapo ndipo wengi wanapofukuzwa pasipo mtu wa ofisi yoyote kuandika mstari mmoja.

Ugomvi huo una sura inayojirudia, na mara nyingi muhogo umo. Mwenyeji akikodisha kwa msimu, anafikiria mahindi: miezi mitatu au minne, unavuna, unarudisha shamba. Mpangaji akipanda muhogo, zao linalokaa ardhini miezi tisa hadi mwaka na zaidi, mwenyeji haoni chakula; anaona mtu anayejichimbia. Migomba, kahawa au miti ni vibaya zaidi, maana mmea wa kudumu huhesabika kama dai la umiliki. Kuzika maiti ni dai kubwa kuliko yote. Kuna na upande wa pili: wapo wenyeji wanaongoja mahindi yafike kukomaa, kisha wanadai shamba lao. Dawa ya yote mawili ni karatasi moja inayotaja pembe nne za shamba, mazao yanayoruhusiwa, mwezi wa kuanza na mwezi wa kumaliza, pesa iliyolipwa na iliyobaki. Isomwe kwa sauti kwa lugha ya kila upande kabla ya dole gumba, mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji, na kiongozi wa baraza la wakimbizi, na nakala ziwe tatu. Karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza peke yake, wakati mmoja anasema Kiswahili na mwingine Runyoro, ni ushahidi dhidi ya wote wawili.

Na anayenunua ploti ndani ya makazi kutoka kwa mkimbizi mwenzake hajanunua kitu. Kanuni za Wakimbizi za 2010 zinampa mkimbizi haki ya kutumia ile ardhi. Kuuza au kupangisha hana ruhusa. Pesa zikishatoka mkononi, hakuna pa kushtaki.

Sasa turubai lenyewe, maana nalo lina siku zake. La UNHCR ni mita 4 kwa 5. Ukilikunja juu ya boriti ya mwamba ya mita 5, kila upande ukashuka mita 2 kwa mwinamo wa nyuzi 45, sakafu inakuwa na upana wa mita 2.8 hivi, na eneo lote ni kama mita za mraba 14, huku ncha zote mbili zikiwa wazi. Kipimo cha chini kinachokubalika katika misaada ni mita za mraba 3.5 kwa mtu. Familia ya watu watano inahitaji 17.5. Kwa hiyo turubai moja halitoshi tangu siku ya kwanza, na ili kuziba ncha na kuinua kuta mtu ataenda kukata miti. Ni ugomvi wa kwanza na mwenye ardhi, nao umetokana na hesabu ya stoo. Shirika likileta nguzo pamoja na turubai, kambi imepata miezi ya amani. Likileta turubai peke yake na panga, limemtuma mgeni msituni kwa mwenyeji wake.

Jua la huku hulila plastiki ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Huanza kuchanika kwenye misumari, ndiyo maana wajuzi huweka kizibo cha soda chini ya kila kichwa cha msumari ili upepo usipanue tundu. Mfereji wa kina cha kiganja kuzunguka kibanda, udongo wake ukilundikwa upande wa ndani, unaokoa godoro wakati wa masika. Lakini hakuna kizibo kinachogeuza plastiki kuwa nyumba. Kambi ikifika mwaka wa pili na watu bado wako chini ya turubai lile lile, mtu fulani ameamua wasijenge. Kukatazwa tofali ni notisi, hata kama haina muhuri. Mwenye ardhi analijua hilo, na ndiyo sababu wengi wanaoruhusu nyasi na plastiki hukasirika wakiona udongo unafinyangwa.

Choo nacho kinahesabu siku. Kwa wastani mtu mmoja hujaza kama lita 50 za uchafu ulioshikana shimoni kwa mwaka. Shimo la mita 1 kwa 1 lenye kina cha mita 3, ukiacha nusu mita ya juu, linabeba lita 2,500. Likitumiwa na watu 20, kama kanuni inavyotaka, litadumu miaka miwili na nusu. Likitumiwa na 50, ambacho ndicho kiwango kinachovumiliwa siku za dharura, litajaa kwa mwaka. Kisoro, ambako chini ni mwamba wa volkeno, kufikia mita 3 ni kazi ya nyundo, kwa hiyo mashimo huwa mafupi na hujaa mapema. Kiwango cha dharura kikigeuka kuwa cha kawaida, mashimo mapya yanachimbwa pembeni mwa ya zamani, na shamba la mwenye ardhi linatobolewa kama chujio. Yeye anahesabu. Kila shimo ni mahali ambapo ng'ombe wake hatapita.

Hayo yote yalionekana kaskazini mwa Uganda, na somo lake halikushikwa. Oktoba 2002 jeshi liliwapa watu wa Acholi saa 48 waingie kambini; kufikia 2005 Waganda waliokimbia makwao kwa sababu ya vita vya waasi wa LRA walikuwa wengi kiasi cha milioni 1.8. Hawa walikuwa raia, ndani ya nchi yao, juu ya ardhi ya raia wenzao. Hakuna aliyemwomba mwenye ardhi ya kambi ya Pabbo au ya Pajule akodishe. Vibanda vilisongamana hadi mapaa yakagusana, wakati kanuni inataka angalau mita 2 kati ya kibanda na kibanda na uwazi wa mita 30 kila baada ya mita 300 za majengo ili moto usivuke. Februari 2004 moto ulipita Pabbo na kuwaacha maelfu bila hata nyasi za kuezekea.

Kisha Agosti 2006 mapigano yakasimamishwa, watu wakaanza kurudi vijijini, na hapo ndipo kufukuzwa kulipoanza hasa. Wenye nguvu walirudi kwanza. Walikuwa na vijana wa kukata nyasi, na wazee wa kuwaonyesha mpaka wa shamba la babu. Waliobaki ni wajane ambao ukoo wa mume haukuwataka, vikongwe, wagonjwa, vipofu, na vijana waliozaliwa kambini wasiojua mto wa kwao unaitwaje. Kambi zilitangazwa kufungwa moja baada ya nyingine, na kambi ikishafungwa kisheria haipo: anayeishi hapo si mhamishwa tena, ni mvamizi. Wenye ardhi walitaka kulima. Nao walikuwa na haki, kwa sababu miaka yote hiyo hawakulipwa, na walichorudishiwa ni vyoo vilivyojaa, mashimo ya tofali na makaburi ya watu wasiowajua. Wakawa wanadai kodi kwa bibi kizee. Wengine walilima hadi mlangoni mwake, mstari kwa mstari, akatoka mwenyewe.

Tangu 2004 Uganda ilikuwa na sera ya taifa ya watu waliohamishwa ndani ya nchi, miongoni mwa za kwanza barani. Oktoba 2009 Umoja wa Afrika ulipitisha mkataba wa kuwalinda watu hao, nao ukaitwa Mkataba wa Kampala kwa sababu ulipitishwa hapa. Karatasi tunazo. Lakini sera hazikumtengea mwenye ardhi ya Pabbo hata lori moja la udongo, na mjane akalipa deni la serikali kwa kibanda chake.

Wanasheria watasema: si kuna Sheria ya Ardhi? Ipo, na inamlinda mtu vizuri akiwa wa aina inayotakiwa. Mwenye kibanja anayetambulika, yaani mkaaji wa kipande cha ardhi iliyosajiliwa kwa jina la mwingine, hawezi kutolewa ila kwa amri ya mahakama, tena kwa kutolipa busuulu, kodi ya mwaka ya mwenye ardhi, na tangu marekebisho ya 2010 amri hiyo lazima impe angalau miezi sita. Ila kutambulika kuna masharti: mara nyingi uwe umekaa bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995, au uwe uliwekwa hapo na serikali kabla ya Katiba hiyo. Kambi iliyofunguliwa 1996, 2002, 2012 au 2016 imechelewa basi. Na anayekaa kwa ruhusa tu ya mwenye ardhi hatambuliki, hata akikaa miaka 20. Ruhusa ndiyo kitu pekee alichonacho mtu wa kambini.

Januari 2019 Jaji Musa Ssekaana wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kukosekana kwa mwongozo wa serikali kuhusu namna ya kuwahamisha watu kunavunja haki zao, akaagiza mwongozo utungwe. Februari 2022 Rais alielekeza kwamba asiondolewe mtu bila kamati ya usalama ya wilaya, chini ya RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, kuridhia. Maagizo yote mawili yanasaidia, na mtu wa kambini akifikiwa na notisi aende kwa RDC siku hiyo hiyo akiwa na nakala, bila kungoja kikao cha wiki ijayo. Lakini yanahusu mtu anayekuja na amri mkononi. Hayamgusi anayelima hadi mlangoni, wala anayefunga bomba.

Hata penye amri, mahakama huenda mwendo wake. Agosti 2014 familia zaidi ya 200 zilitolewa Rwamutonga, wilayani Hoima, kupisha mradi wa taka za mafuta. Zilipiga kambi ya nyasi na turubai karibu na hapo. Mahakama Kuu ya Masindi baadaye ilisema kuondolewa kwao hakukuwa halali, lakini walirudi kwenye ardhi yao baada ya zaidi ya mwaka kambini. Kutoka Agosti 2014, hesabu misimu ya kupanda iliyopita. Wachimbaji dhahabu wa Mubende hata kambi hawakupata: Agosti 2017 jeshi na polisi waliwatoa kwenye machimbo kwa notisi ya saa, siyo siku, na mji mzima wa mbao na mabati ukabaki nyuma.

Nirudi kwenye sufuria, kwa kuwa sasa ndiyo inayofanya kazi kubwa. Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kulingana na uhitaji, na kundi lililohesabiwa kuwa linajitegemea likakatiwa kabisa. Mei 2025 watu wapatao milioni moja waliondolewa kwenye orodha. Sababu ilikuwa kukosa fedha, si ubaya wa mtu. Ila angalia kinachofuata katika makazi. Kadi ya familia inapokosa chakula, baba anatangulia mjini kutafuta kibarua, mama na watoto wanafuata. Kiwanja kinakaa bila mtu. Nyasi zikimea, jirani anapanda mahindi, au ofisi inakigawa kwa mgeni aliyeshuka jana kutoka Goma. Familia ikirudi baada ya mwaka inakuta nguzo za mtu mwingine. Hakuna aliyeifukuza. Orodha ilipunguzwa mjini mbali, na kiwanja kikapotea kwenye makazi ya Kyangwali.

Familia inayotoka kwa muda ina njia ndogo ya kujilinda: iache mtu mmoja aliyeandikwa kwenye kadi hiyo hiyo, impe taarifa kiongozi wa kijiji kwa maandishi, na ipige picha mipaka ikiwa na mazao juu yake. Na isiachie nyumba ianguke, kwa kuwa ukaguzi huangalia paa.

Kwa wanaofungua kambi, iwe ya Wakongo au ya Waganda waliosombwa na maporomoko, mkataba wa siku ya kwanza haupaswi kusainiwa na mzee mmoja. Ardhi ya ukoo iliyotolewa na mtu mmoja hudaiwa na vijana wa ukoo baada ya miaka mitano, na sahihi yake haitawazuia. Kikao kiwe cha ukoo, wanawake wakiwemo, na ahadi za kisima na shule ziandikwe zikiwa na mwaka. Muda utajwe, ukifika, ujadiliwe upya badala ya kuongezwa kimyakimya. Orodha ya wasioweza kurudi itengenezwe kabla ya kambi kufungwa, kila jina likiwa na mahali pa kwenda, kwa sababu hao ndio watakaokuwa pale malori ya mwisho yakiondoka. Bajeti ya kufunga itengwe siku ile ile ya bajeti ya kufungua. Baadaye mfadhili atakuwa ameshahamia janga lingine.

Na ndani ya bajeti hiyo mashimo yawe na mstari wao. Choo kikibakiza nusu mita kujaa kinafungwa: majivu au chokaa, kisha udongo ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka, mpaka kichuguu kisimame juu ya usawa wa ardhi, kwa sababu kitazama baada ya mvua mbili. Panda alama juu yake na uichore kwenye ramani atakayoachiwa mwenye shamba, pamoja na makaburi na majina yaliyomo. Trekta lake litapita hapo miaka kumi ijayo.